Mwalimu Severina Ngonyani, Mkufunzi Aliyerudi Kuketi Darasani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Severina Ngonyani atakabidhi funguo za chumba cha muziki alizozitunza kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu ofisi yangu ya hesabu imepakana na chumba hicho, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema hapa sikusimuliwa. Niliyasikia mwenyewe, mengine bila kupenda.

Severina alizaliwa Namtumbo mwaka 1965, mtoto wa tatu wa mkulima wa tumbaku, marehemu mzee Gaspari Ngonyani. Gitaa alianza kulishika akiwa na miaka kumi na mitatu, parokiani, chini ya Sista Kunegunda, ambaye kwa maelezo ya Severina alijua nyimbo tisa tu. Alipozimaliza zote tisa, Sista alimwambia, "Mwanangu, mimi nimeishia hapa. Mengine utayatafuta." Alisomea ualimu, na Februari 1991 akaajiriwa hapa Songea, katika Chuo cha Ualimu Mtakatifu Gaudensia, kufundisha muziki na Kiswahili.

Mimi nilifika mwaka 1998, na muhula haujaisha nilikuwa nimemwandikia mkuu wa chuo barua ya malalamiko. Nililalamika kwamba jirani yangu hupiga kipande kilekile cha wimbo mara arobaini mfululizo, nami nashindwa kusahihisha madaftari. Mkuu akampelekea barua hiyo mhusika. Kesho yake Severina akagonga mlango wangu, gitaa mkono mmoja na rula mkono wa pili. Nikajua leo kumekucha.

"Mwalimu Haule," akasema, "wewe ni mtu wa hesabu. Hebu niambie, kwa nini hivi vyuma vya kwenye shingo ya gitaa vinazidi kukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye tumbo lake?"

Nikaichukua ile rula. Tulipima mpaka kengele ya chakula ikalia. Tukagundua kwamba kila nafasi ni ndogo kuliko iliyotangulia kwa uwiano uleule, na kwamba chuma cha kumi na mbili kimesimama katikati kabisa ya uzi. Alibonyeza hapo, akapiga, kisha akapiga uzi ukiwa wazi, akaniangalia kama aliyeokota kitu barabarani. "Kwa hiyo nusu ya uzi ni sauti ileile, ila imepanda!" Tangu siku hiyo nafundisha uwiano kwa gitaa la jirani yangu, na barua yangu hakuna aliyeitaja tena.

Haikuwa raha siku zote. Mwaka 2008 mwanachuo mmoja, Dorine, alinyoosha mkono darasani akauliza, "Madam, dada yangu alisoma hapa mwaka elfu mbili na moja, na wimbo huu ulimfundisha hivihivi. Hakuna namna nyingine?" Darasa likacheka, na Severina akacheka nalo. Mchana akaja ofisini kwangu, akaketi, na uso wake haukuwa na kicheko chochote.

"Yule binti amesema kweli," aliniambia. "Nimejaribu kukumbuka kitu kipya nilichojifunza miaka hii saba. Sikioni. Na likizo iliyopita gitaa limekaa ndani ya begi lake wiki tano, wala sikulitamani. Hilo ndilo linalonitisha."

Nilidhani atajiwekea ratiba ya kufanya mazoezi saa tatu kwa siku, kama wanavyofanya wengi kwa siku nne kisha wakaacha. Yeye alinunua daftari la mistari, akaanza kuandika kila asubuhi swali moja, moja tu, na kulitafutia jibu kwa robo saa kabla ya kwenda mstarini. Daftari hilo nimeliona. "Nikianza na kidole gumba badala ya cha shahada, wimbo unabadilika wapi?" "Ngoma ya lizombe ikipigwa kwa nyuzi mbili za besi peke yake, miguu ya watu itaitambua?" Pembeni aliandika majibu, na mengi ni mafupi: "Hapana." "Sijui bado." "Ndiyo, ila polepole!" Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alijirekodi, kisha akasikiliza rekodi ya miezi sita nyuma. Nilipomuuliza anafanyaje siku ambazo hana hamu, alijibu kwamba siku hizo hajidai kuwa na hamu. Anafungua tu ukurasa na kusoma swali, na mara nyingi swali humvuta lenyewe.

Januari 2011, akitoka Namtumbo kumwona mama yake, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope. Alivunjika vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi. Plasta ilipotolewa, kidole kidogo kilikuwa kimepona. Cha pete kiligoma kukunjika, na daktari akamwambia wazi kwamba kitabaki hivyo.

Mkuu wa chuo wa wakati ule, kwa nia njema kabisa, alimpa nafasi ya kwenda kusimamia maktaba. Severina alimjibu mbele yetu kikaoni: "Nipe muhula mmoja. Nikishindwa, barua ya kwenda maktaba nitaiandika mimi mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata aliingia darasa la gitaa la mwaka wa kwanza na kuketi benchi la pili, kati ya mabinti wa miaka kumi na tisa. Mfundishaji alikuwa Calvin Mbawala, mkufunzi msaidizi, ambaye miaka sita kabla alikuwa mwanafunzi wake. Calvin alisimama akashikwa na bumbuwazi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Humu ndani niite Severina kama unavyowaita hawa, na usinipendelee."

Calvin hakumpendelea. Alimsahihisha mbele za watu, akamrudisha kwenye mazoezi ya wanaoanza, na mwisho wa muhula akampa alama hamsini na nne kwa mia. Severina aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa chumba cha muziki, ikakaa hapo mwaka mzima. Wanachuo waliokuwa wakiona aibu kukosea walikuwa wakipita, wanaisoma, wanaingia.

Katika muhula huo nilisikia kupitia ukutani vitu ambavyo sikuwa nimevisikia kabla. Kwa kuwa kidole kimoja hakikufika, baadhi ya nyuzi ilibidi aziache wazi, zikaendelea kulia wakati nyingine zinabadilika. Asubuhi moja alipiga mishiko miwili hivi, akanyamaza, akapiga tena. Kisha nikamsikia akisema peke yake, "Jamani, sauti hii ilikuwa humu siku zote?" Niliweka kalamu chini. Ninakiri kwamba machozi yalinilengalenga, mimi mtu wa barua za malalamiko.

Kwenye mahafali ya mwaka huo alipanda jukwaani na kupiga lizombe kwa vidole vitatu, besi ikitembea kwa kidole gumba cha kulia. Akina mama wa mtaa wa Majengo waliokuja kuwatazama watoto wao hawakusubiri kualikwa, walisimama, wakacheza. Severina alikosea mara mbili, mimi nilisikia, na mara zote mbili alitabasamu akaendelea. Habari ya maktaba haikuzungumzwa tena.

Miaka iliyofuata ilikuwa na matunda mengi. Zaidi ya walimu mia mbili waliopita mikononi mwake wanapiga gitaa mashuleni na makanisani, kutoka Nyasa hadi Tunduru. Ameandika kitabu kidogo cha mazoezi kinachotumika hapa chuoni, na kila zoezi lake linaanza na alama ya kuuliza. Calvin sasa ndiye mkuu wa idara, na ndiye atakayepokea zile funguo.

Wengi mmeniuliza atafanya nini akistaafu. Mwezi wa tatu, akirudi kutoka kwenye harusi iliyokuwa mbele kupita Tunduru, basi lilisimama Nakapanya, akamsikia mama mmoja muuza korosho, Mwanaisha, akipiga gitaa ambalo nyuzi zake zimekazwa kwa namna ambayo Severina hakuielewa. Aliliacha basi likaondoka. Tangu hapo amekwenda huko mara tano, na ametafuta chumba cha kupanga ili akakae mwaka mzima kujifunza. Mwanaisha ni mdogo kwake kwa miaka ishirini na, kwa maelezo ya Severina, hana subira hata kidogo na wanafunzi wazembe.

Mwalimu Severina, kwa niaba ya wakufunzi, wafanyakazi na wanachuo wote, tunakushukuru kwa kazi yako, na kwa kutuonyesha kwamba mtu mzima anaweza kupata hamsini na nne na asife. Nenda salama, Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kuuliza maswali. Na kwako Mwanaisha, kama karatasi hii itafika Nakapanya: tunakukabidhi mwanafunzi wetu bora. Tafadhali usimhurumie.

Otto Haule
Idara ya Hesabu