Aliyepasua Mayai Ukutani

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi yaliyojazwa mchanga, mbele ya karakana yangu ya baiskeli. Birika la kahawa hukaa upande wa Redio, kinyozi wa mlango wa pili. Anayeongea kuliko wote ndiye huwamiminia wenzake, angalau mikono yake iwe na kazi. Nyuma yetu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta ni ua wa Mama Mwenye Nyumba, mfuga kuku. Siku hizo tulikuwa tumeacha siasa na mpira. Kuna aliyekuwa akichukua mayai ya Mama na kuyapasua ukutani, asubuhi kweupe, na kila mmoja wetu alikuwa akimtazama mwenzake vidole kabla ya kumpokea kikombe.

Mama mwenyewe alikaa nasi asubuhi hiyo, amenuna, akimsikiliza Darubini. Huyu zamani alipika katika kambi ya watalii mbugani, na tangu arudi hakuna mnyama asiyejuana naye. Alikuwa ameanza na kenge. Kisha akamwondoa kenge mwenyewe, maana kenge humeza yai zima na haachi ganda. Akaleta nyoka. Yupo nyoka, alisema, anayemeza yai kubwa kuliko kichwa chake, akalivunjia shingoni, akanywa uji wake na kulitema ganda limekunjwa kama soksi. Mama akasema maganda yake hayakukunjwa, yametawanyika chini ya ukuta kama vyungu vya ugomvi.

Redio hakukubali kupitwa. Alikuwa na habari za uhakika kwamba muuza mayai wa sokoni amefuga fungo, yule mnyama wa usiku mwenye harufu kali, amemfundisha kuharibu mayai ya watu ili biashara yake ichangamke.

— Na huyo fungo analipwa kwa wiki au kwa mwezi? nikamuuliza.

— Wewe fundi, dharau zako ndizo zinakunyima habari.

Basi Darubini akaweka kikombe chini, akashusha sauti.

— Wanyama wezi hutembea usiku. Anayeiba saa nne ya asubuhi ana miguu miwili. Tena mnyama hupasua yai kwa meno. Kulirusha ukutani ni hasira, na hasira ya namna hiyo ni ya binadamu.

Wote tukageukia ukuta, maana saa nne ya asubuhi uani hubaki mtu mmoja tu. Ni shemeji yake Mama, mdogo wa marehemu mumewe, mlinzi wa maduka. Huja kulala alfajiri katika chumba kinachopakana na banda la kuku. Amekaa humo tangu kaka yake akiwa hai. Hana kwingine. Mama akasema taratibu kwamba naye alishafika huko kimawazo, na kwamba leo atamtaka arudishe ufunguo.

Redio akaanza kunong'ona kwamba hata macho ya yule bwana siku hizi hayatulii. Hapo ndipo mimi hasira zikanipanda. Sipendi kumla mtu kisogo. Nikasema kama tunamshuku aitwe, aambiwe usoni, na nikaenda kumgongea mwenyewe. Alikuja na fulana yake ya kulalia, akasimama mbele ya ubao, nikamwambia yote bila kupaka sukari. Hakubisha. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya ubao, karibu na birika.

— Kama umeshaamua, shemeji, mimi nitakuthibitishia nini?

Mama hakuugusa. Darubini akasema asiyejitetea amekwisha jibu.

Wakati huo kulikuwa na dada mmoja mpita njia niliyekuwa nimemzibia pancha. Alikuwa amenishikia gurudumu, akachafuka grisi, Mama akamruhusu aingie uani kunawa bombani. Akarudi akijifuta mikono kwa sketi.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mtu mnayemsema hurusha mayai akiwa amelala kifudifudi?

Redio akamuuliza ana maana gani.

— Madoa yote ya ute yako chini, alisema, akagusa mguu wake juu kidogo ya kifundo. Hakuna hata moja juu ya hapo. Sasa mtu mzima anarusha vipi?

Tulitazamana. Darubini alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Mama alinitazama mimi, nami nikaitazama pampu yangu. Sisi sote tulikuwa tumeyaona madoa yale. Tuliyaangalia kila mmoja akiwa ameshamchagua mwenye kosa wake.

Ndipo tukasikia nyuma ya ukuta: pa.

Tukasongamana kwenye geti kama watu wa foleni ya mafuta. Chini ya tangi la maji, juani kabisa, kulikuwa na nguchiro, kijinyama cha rangi ya vumbi, chenye mwili mrefu na miguu mifupi. Yai la kwanza lilikuwa limeshapasuka. Akaliviringisha la pili hadi karibu na ukuta, akaupa ukuta mgongo, akalikamata kwa miguu ya mbele. Halafu akajikunja na kulirusha nyuma, likapita chini ya tumbo lake, katikati ya miguu, likapiga ukuta. Akageuka kulamba, hana wasiwasi na mtu.

— Si nilisema tangu mwanzo ni mnyama, akasema Darubini.

Nikamwambia anyamaze kabla sijamjaza upepo.

Mama alirudi benchini, akauchukua ufunguo, akamnyooshea shemeji yake kwa mikono miwili. Mlinzi akaupokea.

— Juzi ulifunga jiko kwa kufuli, shemeji, jiko ambalo hujawahi kulifunga, nikiwa nakutazama.

Akaingia ndani kulala, kwani usiku ana zamu.

Jioni akienda kazini bado hupita kwetu. Redio humsogezea nafasi kwenye ubao, Darubini humpisha kabisa. Yeye hunywa kahawa yake amesimama, akarudisha kikombe, akasema asante.