Kura Zetu Zilipikwa Makande

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, shikamoo. Mkuu wa shule, walimu, wazazi mliotoka shambani na mliotoka mwaloni kuvua, shikamooni.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa Sekondari ya Busenganya tumefurahi umefika. Tulianza kukusubiri saa mbili na hatukuchoka sana.

SHULE YETU

Tuko 412. Wazazi wetu wengine wanalima, wengine wanavua dagaa. Chakula cha mchana ni makande, na anayekula ni yule ambaye mzazi wake ameleta mahindi na maharage. Wanaovua wengi hawana mahindi, na stoo haipokei dagaa. Watoto wao ni 94. Saa ya kula wanakaa upande wa uwanja wa mpira mpaka kengele igongwe.

MAFANIKIO

Zamani mwakilishi wetu kwenye kamati ya chakula tulimchagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, walimu wakiangalia. Gosbert wa kidato cha nne ndiye alikuwa na mstari mrefu. Hatusemi ni mbaya. Baba yake ni mjumbe wa bodi ya shule, na mwanafunzi akiangaliwa anajua pa kusimama. Mwaka jana Rebeka Mayala, baba yake mvuvi, aligombea naye. Nyuma yake alisimama Winnie, mdogo wake, tena alitumwa na mama yao.

Mwaka huu Mkuu wa shule, Mwalimu Muganyizi, alikubali kura ya siri. Tunamshukuru. Karatasi hazikutosha, kwa hiyo kila mmoja alipewa punje moja ya mahindi, akaingia darasani peke yake, akaidondosha kwenye ndoo ya Gosbert au ya Rebeka. Rebeka alikuwa ameahidi jambo moja tu: mzazi anayevua alete dagaa, mtoto wake ale. Hakuhutubia vizuri. Alisema huku anaangalia viatu vyake, "Dagaa nao ni chakula. Basi, ndiyo hayo." Tulicheka, lakini tulisikia.

CHANGAMOTO

Jioni ile mvua ilinyesha, kuhesabu kukaahirishwa. Chumba chenye kufuli la uhakika ni stoo ya chakula. Ndoo zikawekwa humo.

Asubuhi Rebeka alikuwa wa kwanza kufika jikoni kwa mpishi wetu, Mama Luhende.

"Shikamoo mama. Zile ndoo mbili ziko wapi?"

"Marahaba. Nimeziosha."

"Na mahindi?"

Mama Luhende akaonyesha sufuria kwa mwiko. "Viganja viwili tu vile? Nilijua ni masalia, nikaongezea humo."

"Mama, zilikuwa kura!"

"Kura gani mwanangu? Mimi nimeona mahindi. Si mngeandika."

"Tuliandika kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo kuna jina la Gosbert. Nikajua ndoo ni ya kwao!"

Rebeka hakulia. Aliuliza kama punje zinaweza kutambulika. Mama Luhende akachota, akapuliza, akatazama, kisha akamwambia mahindi yakishaiva hayana chama.

Saa saba tulikula kura zetu. Wale 94 hawakula. Za kwao tulizila sisi.

Mkuu wa shule alisema kwa kuwa matokeo hayapo, Gosbert aendelee. Hata Gosbert alisema, "Jamani, na mimi nilitaka kujua." Mpaka leo uchaguzi haujarudiwa.

MAOMBI

Tunaomba urudiwe, kwa karatasi, na kura zihesabiwe siku hiyohiyo mbele yetu hata kama mvua inanyesha. Atakayeshinda aingie kwenye kikao cha bodi wakati wanaongea habari ya chakula, na aruhusiwe kusema. Sasa hivi mwakilishi anaitwa kupanga viti, halafu anasubiri nje. Tena tunaomba dagaa wapokelewe stoo. Kama yote hayawezekani kwa pamoja, basi hilo la dagaa lianze, maana leo pia ni makande na saa saba imekaribia.

MWISHO

Mgeni rasmi, msomaji wa risala hii walimu walituachia tumchague wenyewe. Walidhani tutanyoosha mikono. Jana tulipiga kura ya siri kwa vifuniko vya soda, kwa sababu haviliki, tukahesabu palepale, Mama Luhende akiwa shahidi. Kumi na mmoja hawakuwepo. Gosbert alipata 131. Rebeka Mayala alipata 270.

Ndiye anayekusomea. Uwakilishi alioupata ni wa dakika tano, na zimeisha.

Mungu akurudishe salama nyumbani, ukute sahani yako imefunikwa inakusubiri.

Ni sisi wanafunzi 412 wa Sekondari ya Busenganya, tunaokula na tusiokula.