Kifua Mbele

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, Kezia alipandishwa kwenye lori pale Gorong'a, akakaa juu ya godoro lake kwa hofu. Mbele yake mzee Nyangwine alikuwa amejikunja, na kijana wa mgambo aliyeitwa Mogesi hakumpa nafasi ya kupumua.

"Shikamoo mzee. Hebu kaa wima! Ukijikunja hivyo, hofu inapata pa kukaa. Sisi tunakimbia mchakamchaka kila asubuhi, kifua mbele, na mioyo yetu imetulia kabisa."

"Marahaba. Hata siku ya kutahiriwa nilisimama wima, mwanangu," mzee akajibu. "Mguu sikuusogeza, jicho sikupepesa, ukoo mzima ukanishangilia. Moyoni nilikuwa nalia kama ndama."

"Lakini hukukimbia! Mgongo ndio uliokushika."

"Mgongo uliwadanganya watu. Mimi haukunidanganya."

Kezia hakujua amwamini nani, ila kwa siri akanyoosha mgongo. Pumzi ikashuka vizuri kidogo. Kidogo tu.

Lori likasimama. Hapakuwa na nyumba wala kisima, ni nyasi ndefu na vigingi vya kupimia viwanja. "Shukeni, mmefika!" dereva akapaza sauti.

Mogesi akainamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake. Mzee Nyangwine ndiye aliyeinuka, akasimama wima kama mlingoti, jicho halipepesi. Watu wakatiwa moyo, wakaanza kushuka nyuma yake. Kezia, aliyemsikia akisimulia alivyolia moyoni siku ile aliposimama hivyo hivyo, akabaki amekaa juu ya godoro lake.