Kisima cha Mama Yangu na Dumu la Mbali

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Kamati ya maji imeniomba niseme kabla ya kisima kufunguliwa, nami sitapamba.

Biashara zilipoachiwa watu binafsi na hoteli zikaanza kuota hapa Mikumi, nilikuwa dobi wa pasi ya mkaa. Rafiki yangu wa tangu shule akaleta mashine iliyokwishatumika, ya kufua suti na mapazia kwa dawa badala ya maji. Tukawa wabia. Kuhusu masalia ya dawa aliniambia, "Mwaga shimoni nyuma ya duka. Ardhi inachuja yenyewe."

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilifika kidato cha nne. Pipa la dawa lilikuwa na picha ya fuvu, na Kiingereza chake nilikielewa: usimwage ardhini. Nikaamini mdomo wa rafiki kuliko macho yangu.

Hatua chache kutoka shimo lile kilikuwepo kisima hiki, nilichokichimba kiwe sadaka ya marehemu mama yangu. Kila aliyeteka alisema, "Mungu amrehemu bibi."

Baada ya miaka, maji yakaanza kunukia utamu, kama suti iliyotoka mashineni. Nikamuuliza rafiki yangu. Akacheka. "Wewe nawe! Ndoo zenu chafu hizo." Siku ile ndipo nilipomtazama vizuri. Kila alipokuja dukani alikuja na dumu lake la maji. Hakuwahi kunywa kwetu hata mara moja. Alijua tangu mwanzo.

Hapo ningepiga kelele. Sikupiga. Nilianza kupanda baiskeli alfajiri na dumu langu, kuchota maji kwenye bomba la mbali, kwa nyumba yangu tu. Majirani nikawaambia wachemshe. Mnaguna? Guneni, ni haki yenu.

Asubuhi moja jirani yangu, mama aliyemwosha mama yangu alipofariki, akanisimamisha njiani na kuligonga dumu.

"Kaka, kisima cha mama yako kimekukosea nini?"

Nilitafuta uongo, haukuja. Nikamweleza yote pale pale barabarani. Hakunitukana. Alivua kanga yake ya mabegani, akaenda kuifunga kwenye mdomo wa kisima ili mtu asiteke.

Kwenye mkutano wa kitongoji rafiki yangu alisimama akasema, "Aliyemwaga ni yeye. Mimi sijashika ndoo." Na kweli, mikono ilikuwa yangu. Akapakia mashine, akahama bila kuniaga.

Wataalamu wa maji walikuja. Tulichimbua udongo wote wa shimo, ukachukuliwa kwenye mapipa. Kisha pampu ikawa inapandisha maji kwenye mnara wenye matundu, yanadondoka taratibu na upepo unaitoa dawa. Ilichukua miaka mingi. Majirani, badala ya kunifukuza, mlinipa kazi ya kuilinda pampu ile. Nawashukuru. Nawashukuru wataalamu, na wewe dada yangu uliyekaa pale mbele. Kanga yako iliokoa watu niliokuwa nawaacha wanywe.

Rafiki yangu alinisaliti, na bado inaniuma. Lakini ninyi hamkusalitiwa na yeye, hamkumjua. Mlisalitiwa na mimi. Mkiambiwa kitu ni salama, mtazameni anayesema anakunywa wapi.

Kikombe cha kwanza leo naomba kiwe changu, mbele yenu. Atakayeteka baada yangu amwombee mama. Mimi niacheni kwanza.