Kabla Jovia Hajapasuliwa

Mgeni rasmi, Daktari Bhoomi, mpasuaji wa ubongo, wauguzi wetu, wazazi wenzetu:

KARIBU

Sisi wazazi wa watoto wenye kifafa, wa Jinja na Mbale, tunakukaribisha kwa heshima. Jumanne utampasua Jovia, binti wa huyu anayekusomea.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka juzi, wazazi saba kwenye benchi moja la kliniki. Wengi wetu tulikuwa tukiwafungia watoto ndani, wasiangukie motoni, na majirani wasiwaone.

MAFANIKIO

Conrad wa Bugembe, miaka kumi na minne, alipasuliwa mwaka jana. Hajaanguka tena. Anakwenda shule kwa baiskeli, na mama yake bado anakimbia nyuma yake hadi barabara kuu.

CHANGAMOTO

Wiki hiyohiyo alipasuliwa Shifa wa Masese, miaka tisa. Picha ya ubongo wake ilionyesha kovu, pale kifafa kinapoanzia, sawa na ya Conrad. Tuliambiwa matumaini yao ni sawa. Wiki ya tano Shifa akaanguka akila. Baba yake, Mzee Bruhan, alituuliza, "Nimekosea wapi?" Tukawauliza madaktari. Nao walisema hawajui.

Picha ya Jovia haikuonyesha kovu lolote. Aliposikia kwamba watoto wa namna yake hupona kama wanne tu kati ya kumi, alimuuliza mama yake, "Mimi ni wa ngapi?"

MAOMBI

Daktari, hatuombi ahadi. Tunaomba utuambie unachokijua na usichokijua, kwa lugha tunayoielewa, kabla hatujatia saini. Mwambie na mtoto mwenyewe. Kichwa ni chake. Na upasuaji usipofaulu, mtutafute. Mzee Bruhan haji tena kliniki. Anaona haya, kana kwamba ni yeye aliyeshindwa.

Mgeni rasmi, tunaogopa, hatukufichi. Hadi jana baba yake Jovia alikuwa amekataa. Alisema, "Afadhali aanguke nikimwona."

Mtoto akamjibu, "Baba, juzi nilianguka na hukuwepo."

Baba akaomba kalamu.

Mungu aitulize mikono yako Jumanne, na atutulize sisi tutakaokuwa nje ya mlango.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Watoto Wenye Kifafa, Jinja na Mbale.
Imesomwa na Naigaga, mama Jovia.