Bwana Aliponirudishia Pengo Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkijibu, jibuni polepole, maana mkinichekesha mapema mdomo huu utaenda kando na ushuhuda hautafika. Mimi ni Mama Adhiambo, mke wa yule fundi wa mbao anayekaa pale dirishani akijifanya anasoma Biblia. Wengi mnanijua kwa uso, kwa sababu uso wangu hausahauliki. Leo nimeomba nafasi niwaambie jinsi Mungu alivyonitoa jikoni, nilikokuwa nakula nikitazama ukuta, akanirudisha mezani kwa watu.

Nianzie kwa meno. Mimi ni mtoto wa Uyoma, na nilipokuwa msichana nilitolewa meno sita ya mbele, ya chini, kama Wajaluo wenzangu wa rika langu. Wazee walisema pengo lile ni la msaada: mtu akishikwa na ugonjwa wa kufunga taya, atanyweshwa uji hapo. Sisi wasichana hatukufikiria uji, tulifikiria uzuri. Kisha nikaingia dini, na kule misheni tukaambiwa pengo ni alama ya giza. Nilibatizwa nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Tangu siku hiyo nilicheka nyuma ya kiganja, nikaimba nyuma ya kiganja, hata Baba Adhiambo aliponichumbia alizungumza na mkono kwanza. Yeye aliingia shule mapema, meno yake yote yapo, na bado aliniambia pengo langu ndilo lililomleta. Nikamwambia aache uongo.

Miaka michache baada ya Uhuru nikapata kidonda kwenye ufizi, upande wa kushoto, chini. Siku hiyo tulikuwa tumekula ngege, na mnajua samaki huyo na miiba yake, nikadhani mwiba umenichoma. Mtu wa ziwani akiumia mdomoni humsingizia samaki. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, kidonda kikakataa. Jino likalegea, likang'olewa, na shimo lake halikufunga. Daktari wa hapa Kisumu akakata kipande kidogo, kikapimwa, kisha akamwita mume wangu kando. Ilikuwa saratani.

Tukapanda gari la moshi kwenda Nairobi. Madaktari wakaondoa ugonjwa pamoja na kipande cha taya la kushoto. Ndugu zangu, nilijitazama kwenye kioo, nikaomba kioo kiondolewe. Kidevu kilikuwa kimehamia upande mmoja. Baadaye, walipoona ugonjwa haujarudi, wakaniita tena. Wakachukua mfupa kwenye nyonga yangu, wakauchonga, wakaupandikiza pale palipokuwa wazi. Halafu wakayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, nisifungue mdomo mpaka mfupa ushike.

Baba Adhiambo alipokuja kunitazama alinikuta nachechemea wodini, mdomo umefungwa. Mtu mwingine angelia. Yeye akasema, "Sasa Nyar Uyoma ataongea kwa nyonga." Nyar Uyoma maana yake ni binti wa Uyoma, na ndivyo anavyoniita tukiwa na amani. Nilitaka kucheka, waya zikanikatalia, machozi yakatoka badala yake. Huyo ndiye mume niliyepewa na Mungu, na nampenda, wacha asikie.

Hapo wodini ndipo nilipokutana upya na pengo langu. Wenzangu waliofungwa kama mimi walikuwa na meno yote ya mbele, kwa hiyo chakula chao kilipitishwa puani kwa mpira. Mimi niliingiziwa mrija kwenye pengo, nikanywa uji wangu wa wimbi taratibu kama mtu aliye kwake. Muuguzi mmoja, binti wa Ukambani, akaniuliza ni nani aliyenitengenezea mlango. Sikuweza kujibu. Lakini moyoni niliwakumbuka wale wazee wa Uyoma, nikamshukuru Mungu kwa kitu nilichokuwa nakificha tangu ubatizo.

Mngedhani niliporudi nyumbani nilikuwa nimepona. Taya lilikuwa limeshika, lakini moyo ulikuwa bado. Mdomo wa chini upande wa kushoto ulikufa ganzi, na mpaka leo uko hivyo. Mchuzi ukitiririka, mimi sina habari. Siku moja shemeji zangu walikuja kututembelea kutoka Ahero. Tukiwa tunakula, nikaona macho yao yote yameinama kwenye sahani. Nikagusa kidevu. Mchuzi ulikuwa umeshafika kwenye gauni. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Tangu hapo nikawa nabeba sahani yangu jikoni, nakaa kwenye kigoda, uso ukutani. Hata kanisani siku za meza ya Bwana nikaacha kuja, kwa kukiogopa kile kikombe. Jamani, mtu anaweza kupona saratani na bado akafa polepole jikoni kwake.

Baba Adhiambo alivumilia kwa muda. Kisha jioni moja akaingia jikoni na sahani yake mkononi. Mnawajua wanaume wetu. Mwanamume wa Kano, kwao huyu mume wangu, haingii jikoni kula, nduguze wakisikia atatungiwa wimbo. Akavuta gogo la kuni, akakaa ubavuni mwangu, akautazama ukuta. Nikamwambia atoke, watu watasema. Akanijibu kwamba ukuta ni wake, ameujenga mwenyewe, ana haki ya kuutazama. Tukala. Baada ya kitambo akapangusa kidevu chake, nacho kilikuwa kikavu. Nikamshangaa. Akapangusa tena, huku ananitazama, na hapo ndipo nilipoelewa. Nikapangusa changu, kilikuwa kimelowa. Yeye akaendelea na ugali wake.

Ndugu zangu, mahubiri nimesikia mengi, lakini siku ile nilihubiriwa na kidevu cha mume wangu. Niliweka sahani chini nikaomba kwa sauti, palepale kwenye moshi. Nikasema, Bwana, kama huyu anaweza kujifuta uchafu usio wake kwa ajili yangu, basi leo nimeelewa ulichonifanyia wewe msalabani. Nililia sana. Kesho yake nikala mezani, na Jumapili ya meza ya Bwana nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Kilidondosha kidogo, na mchungaji hakufa.

Sasa sikieni la meno. Hospitali wakaniita Nairobi nipewe meno ya bandia. Fundi wao, Mhindi mwenye mkono mwepesi, alinitengenezea safu nzima ya chini, akidhani ugonjwa ndio ulionimaliza meno yote yale. Nikarudi Kisumu na meno kama ya mkaguzi wa shule. Baba Adhiambo alinipokea stesheni, akanitazama, akasema, "Karibu, Mama," vile anavyowakaribisha wateja. Nikamwita binti yetu, ikatoka "Aziambo". Ulimi haukuwa na pa kupitia. Mtoto akageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Zamani ningefurahi, pengo limezibwa, sasa ni Mkristo wa kupigwa picha. Lakini nilipojitazama kwenye kioo nikamwona mgeni. Mdomoni mwangu kulikuwa kumebaki kitu kimoja ambacho ugonjwa haukukigusa wala kisu hakikukigusa, na sasa kimefukiwa. Mkono wangu ukaanza tena kupanda mdomoni. Nikaogopa, ndugu zangu. Niliona jikoni kunaniita.

Nikarudi kwa yule fundi. Nikamwambia, "Mwanangu, huku nyuma ugonjwa ulichukua, na nakushukuru kwa kunijazia. Lakini haya sita ya mbele hayakuchukuliwa na ugonjwa. Yalitolewa nyumbani, shangazi yangu akiwa amenishika kichwa. Nirudishie pengo langu."

Akadhani nimekosea Kiswahili. Nikarudia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, kazi yangu ni kuziba mapengo," akasema, "hakuna aliyewahi kuniomba nimtengenezee." Akachukua msumeno wake mdogo, akayaondoa yale sita, akapalainisha kwa tupa. Nikavaa. Nikasema, Adhiambo. Likatoka lenyewe.

Niliposhuka stesheni mara hii, Baba Adhiambo alinitazama mdomoni kabla hajanisalimia. "Nyar Uyoma," akasema, "nilikuwa nimekupoteza." Nikacheka mbele ya wachukuzi na abiria wote, na mikono yangu ilikuwa imeshika mizigo.

Namshukuru Mungu kwa taya hili lililotoka nyongani. Nawashukuru madaktari, na wazee wa Uyoma, na huyo mzee wa dirishani ambaye sasa amefunga Biblia. Kama uko hapa leo na unakula ukitazama ukuta, uwe ukuta wa ugonjwa au wa jambo lolote unaloonea haya, mwamini Yesu. Atakufuata hukohuko jikoni, akae nawe mpaka uwe tayari kutoka. Baada ya ibada tumewapikia ngege, maana imejulikana hakuwa na hatia. Njooni tule wote. Na mkimwona Baba Adhiambo anapangusa kidevu kisafi, msimshangae. Pangusani na nyinyi, nitaelewa.