Ndege Haikuchelewa

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, Ustaadh, mwenyekiti wetu wa mtaa, viongozi wa wachimbaji wadogo, walimu mliomfundisha binti yetu, shemeji zangu kutoka Nkome, mliokuja na sangara wakubwa kuliko pikipiki zilizowaleta, ndugu wageni waalikwa, mama zangu na baba zangu: wakubwa, shikamooni, wadogo, nimeitikia marahaba kabla hamjaniamkia. Na kwa salamu yetu ya Kisukuma: mwadila!

Mimi ndiye Makoye, mjomba wa Aneth. Nasema hivyo kwa faida ya wasionijua, ingawa sidhani kama wapo kati ya Kahama na Geita. Elimu yangu ni darasa la tano; la sita niliishia mlangoni kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Lakini hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe siku mbili nzima, karatasi saba, na mkiona nasitasita mjue ni mwandiko, siyo woga.

Hapana. Na woga upo.

Mtu gani hapa hajui habari zangu? Nimeshuka kwenye duara, shimo la dhahabu la mita tisini, tochi imezimika, nikalitambua jiwe lenye dhahabu kwa kulilamba. Chacha yule pale, mwenzangu wa shimoni tangu Nyarugusu, ndiye aliyekuwa juu ameshika kamba. Chacha, nasema uongo?

Anasema zilikuwa arobaini. Sasa wewe ulikuwa juu, mita za chini ulizipimaje?

Na habari zangu za ndege je? Ni harusi gani, ni msiba gani katika ukoo huu ambapo sikusimulia jinsi rubani alivyosinzia juu ya Tabora, nikaenda mwenyewe kumgonga bega? Nani hakunisikia nikieleza kwamba tuligonga wingu gumu kama mwamba, bawa likalegea, na abiria wote wakanigeukia mimi? Aneth alikuwa na miaka sita, amekaa kwenye goti langu, ananiuliza: "Mjomba, bawa likikatika?" Nami namjibu: "Likikatika mnaanguka siku tatu, mpwa wangu. Siku ya pili mnapewa chai."

Chekeni, ndugu zangu. Chekeni sasa, maana mbele kidogo hamtacheka, na mimi nitawaacha mkiwa hamjui mtazame wapi.

Mheshimiwa Diwani, mmealikwa kumuaga binti anayekwenda Uchina, nchi yanakotoka makarasha yote yanayosaga mawe yetu, akasomee uhandisi wa migodi. Kesho saa nne asubuhi anapanda ndege Mwanza kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo safari ndefu. Hivyo ndivyo kadi zenu zilivyosema. Ambacho kadi hazikusema ni kwamba jana jioni, mchele wa pilau ukiwa unachambuliwa, Aneth alimrudishia pasipoti mama yake mdogo, Serafina, akamwambia: "Mama mdogo, siendi. Sipandi mimi. Ndege ndiyo iliyomuua mama."

Serafina akamwambia: "Mwanangu, mama yako aliugua." Naye akajibu: "Aliugua, ndiyo. Lakini alikufa akiisubiri ndege ya mjomba. Ingefika kwa wakati, angepona."

Nilikuwa nyuma ya ukuta napasua kuni. Nikaliweka shoka chini.

Kwa hiyo Aneth, mwanangu, ng'wanawane, kaa. Najua unataka kutoka. Ninyi mabinti mliokaa naye, mshikeni mkono. Mambo haya nilipaswa kukuambia miaka minne iliyopita, mbele ya kaburi, na ninayasema leo mbele ya watu mia mbili kwa sababu nikikuambia peke yako nitaanza kuyatia chumvi. Najijua. Mbele yenu wote, na Serafina akinitazama vile anavyonitazama sasa, sina pa kuitoa chumvi.

Dada yangu mkubwa, Paskazia, mama yake Aneth, alinilea. Mama yetu alipofariki mimi sikuwa nimeota meno ya pili. Yeye ndiye aliyenipikia ugali, akanichapa, akanificha baba asinichape. Miaka minne iliyopita alilazwa Dar es Salaam, ana uvimbe tumboni. Jumapili Serafina akanipigia: "Kaka, madaktari wamepanga upasuaji Jumanne asubuhi." Sasa sikilizeni alivyojibu mwanaume. Nikasema: "Asiingizwe mtu mpaka nifike! Mimi ndiye kaka, mimi ndiye nitakayesaini. Mwambie dada nakuja kwa ndege, Jumatatu mchana nimekaa kwenye kitanda chake."

Nani aliniomba nisaini? Hakuna. Dada alikuwa mtu mzima, sahihi ni yake. Lakini alipoambiwa Makoye anakuja, akafurahi, akasema: "Basi nitamsubiri. Nataka nikifumba macho nimwache yeye mlangoni."

Ukoo ukachanga, tiketi ikakatwa. Baadhi yenu mlichanga, nawaona. Jumatatu nikafika uwanja wa Mwanza nimevaa koti hili hili. Na ndugu zangu, mpaka siku ile, mimi msimuliaji wa ndege, sikuwa nimewahi kupanda ndege hata moja. Hata ya kwenda hapo Bukoba. Ya rubani, ya bawa, ya wingu, yote niliyatunga kwenye vibanda vya kahawa.

Chacha, usinitazame hivyo; hata wewe nilikudanganya.

Mtaniuliza: mtu wa mashimoni anaogopaje ndege? Shimoni nashuka kwa kamba, na kamba ameishika mtu ninayemjua, ninayejua jina la mkewe; nikiitikisa mara mbili ananivuta. Pale uwanjani nikatazama kile chuma kimekaa pale chini, nikajiuliza: kule juu nitatikisa nini? Jasho likatoka mpaka kwenye soksi.

Nikafika kwenye mashine ya ukaguzi. Dada mmoja mwenye sare akaingiza mkono kwenye koti langu, akatoa kichupa. "Baba, hii nini?" Nikamwambia: "Zebaki, mama. Ya kukamatia dhahabu." Wachimbaji mnajua, sisi kichupa hicho tunatembea nacho kama wengine wanavyotembea na leso, unasahau kama unacho. Akasema kwa upole kabisa: "Baba yangu, hii hairuhusiwi kwenye ndege. Iache hapa, wewe pita, muda bado upo."

Iache hapa, wewe pita. Aneth, umesikia? Mlango ulikuwa wazi. Zebaki yenyewe ilikuwa imebaki chini ya nusu, haikuwa na thamani ya kuku. Nami nikaipigania! Nikapandisha sauti: "Hii ni mali! Mnajua mimi ni nani? Sipandi ndege ya watu wanaodharau wachimbaji!" Yule dada akanibembeleza, na mwenzake akanibembeleza, mpaka abiria wengine wakanipita wote. Kadiri walivyonisihi ndivyo nilivyozidi kung'aka, kwa sababu moyoni nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Nikatoka nje na kichupa changu mkononi, nikasimama kwenye uzio, nikaiona ile ndege ikipaa. Nilitazama saa. Saa nne kamili, haikupungua, haikuzidi.

Ndege haikuchelewa, Aneth. Mimi ndiye sikuwemo.

Na kama ningesema hivyo siku ile ile, mama yako angekuwa hapa leo akigombana na wapishi. Maana woga wangu peke yake haukumuua. Ningepiga simu nikasema, "Dada, nimeogopa, nakuja kwa basi, wewe ingia tu," angenicheka, na Jumanne asubuhi angeingia kwa madaktari. Badala yake nikapiga simu nikasema: "Ndege imeahirishwa, tunaondoka kesho alfajiri."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya basi, natoka stendi ya Nyegezi, Mwanza. Nikapiga: "Tunaitwa kupanda sasa hivi. Mwambieni daktari asubiri saa mbili tu." Daktari akasubiri. Tukapita hapa kwetu Shinyanga, nikainamisha kichwa asije akaniona mtu. Nikapiga tena: "Ukungu, dada, rubani anangoja ukungu." Daktari akamsihi mgonjwa: mama, tusiendelee kungoja. Naye, kwa imani aliyokuwa nayo kwangu, akasema: "Mdogo wangu yuko njiani. Saa moja haiwezi kuniua."

Tulipofika Singida Serafina akanipigia mwenyewe. Nikiwa naongea, kondakta akapiga kelele: "Dakika kumi! Kuchimba dawa, dakika kumi!" Serafina akasema: "Kaka, uwanja wa ndege una kondakta?" Nikamwambia: "Ni abiria tu wanataniana." Akasema: "Haya."

Serafina, mdogo wangu, uliijua kweli tangu neno lile la kondakta, na miaka minne hukuniaibisha. Nilidhani umenihurumia. Sasa naona kwamba ulikuwa unangoja niseme mwenyewe, na mimi nikawa kila mwaka naongeza ukungu.

Uvimbe ulipasuka saa tisa. Wakamkimbiza kumpasua, lakini saa kumi na moja jioni, basi likiwa limeshapita Dodoma, simu ikaita, nikasikia pumzi za Serafina tu, nikajua dada hayupo tena. Abiria niliyekaa naye akaniuliza: "Mzee, kwema?" Nikamwambia kwema.

Ndugu zangu, mmeniandikia kwenye ratiba "Nasaha za Mjomba". Nasaha gani? Mtu anaposema ameushinda woga, watu humpigia makofi. Mimi pia niliipanda ndege hatimaye, na nitawaeleza nilivyoipanda, msije mkanipigia makofi.

Mwili ulisafirishwa kwa ndege kurudi Mwanza. Mimi nikakaa juu, dirishani, na dada yangu akalala chini yangu, kwenye mizigo. Serafina akaniuliza: "Kaka, huogopi?" Na kweli, sikuogopa. Ile ndege ilitetemeka, ikainama, watu wakaita majina ya watakatifu, mimi nikatulia kama gunia. Woga ulikuwa umeshachukua ulichokuja kuchukua, haukuwa na haja na mimi tena. Nilitazama chini nikaliona shimo la Mwadui, lile tuliloambiwa utotoni kwamba halina mwisho, ni dogo kama kovu la chanjo begani. Nikasema moyoni: kumbe ni hivi tu? Saa moja na nusu ya kukaa kwenye kiti? Kwa ajili ya hiki tu? Hilo ndilo swali ninaloamka nalo, na Baba Paroko, umeniambia nikiungama nitapata nafuu. Nimeungama kwako mara tatu. Nafuu sijaiona, na sidhani leo nitaiona.

Aneth. Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe leo, mbele ya watu, utakuwa umelazimishwa, na mimi nitaanza kuisimulia. Nichukie ukiwa darasani huko Uchina, nichukie miaka mitano, unisalimie au usinisalimie, ni haki yako. Ila usiichukie ndege. Haikukukosea. Mtu alikukosea, na mtu huyo amesimama hapa na koti lake.

Sasa nitakuambia mambo ya ndege, na haya ni ya kweli, kwa sababu nimeyaona mara moja tu na sikuwa na nguvu za kuyaongeza. Ikianza kukimbia inakusukuma mgongoni, kama mtu anayekuambia twende. Masikio yanaziba, meza mate, yanazibuka. Bawa linatikisika, nalo limeundwa litikisike. Kuna mahali tumbo linabaki nyuma kidogo, kisha linakufuata. Wahudumu wanagawa maji, nao hawana habari na woga wako. Ni hayo tu. Hakuna wingu gumu. Nilikudanganya.

Kesho itaondoka saa nne, ukiwemo au usiwemo. Nakuomba, kwa jina la Paskazia, uwemo. Usibaki hapa chini ukatafuta sababu. Mimi nilitafuta, nikaipata, na tazama inavyoonekana ikishazeeka.

Mheshimiwa Diwani, ratiba inasema sasa nimpulizie mpwa wangu maji ya baraka, kama ilivyo desturi yetu. Bakuli hili hapa, limejaa. Lakini maji hayo hutoka kinywani, ndugu zangu, na kinywa changu mmekisikia. Serafina, njoo uchukue bakuli. Wewe ulisema neno moja siku ile, lile la kondakta, nalo lilikuwa la kweli. Linatosha kumbariki mtoto. Mimi nitakaa kule nyuma na wapishi, na gari la Mwanza alfajiri sitapanda. Nafasi yangu akae mwalimu wake.

Nawashukuru mliochanga wakati ule na mliochanga safari hii. Nawashukuru kwa kunyamaza. Wabeja sana, na kwa subira ya masikio yenu, ahsanteni. Serafina, njoo.